Jinsi Nyuki Aionavyo Njia

Likizo iliyopita babu yangu, ambaye ana mizinga ya nyuki kijijini kwetu huku Ufipa, aliniuliza, "Mjukuu wangu, wewe wasoma fizikia. Wingu likilifunika jua, nyuki huijuaje njia ya kurudi mzingani?" Nikanyamaza. Niliona haya sana, maana sare niliyovaa ilinunuliwa kwa asali hiyo hiyo.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu, nikasoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwanga husafiri kwa kutikisika, kama kamba ichezeshwayo. Mwanga wa jua hutikisika pande zote: juu na chini, kushoto na kulia, na mshazari. Lakini ukigonga chembe za hewa na kutawanyika angani, sehemu yake hutikisika zaidi upande mmoja. Hali hiyo huitwa polaraizesheni, nayo hufuata mahali jua lilipo.

Jicho letu haliitambui vizuri, bali la nyuki huitambua. Mwaka 1949 Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria, alieleza kwamba nyuki akiona kipande kidogo tu cha anga la buluu, hujua jua liko upande gani. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Na wingu likitanda anga lote? Hapo nyuki hufuata miti na vilima avijuavyo.

Nilijaribu mwenyewe. Nilibandua karatasi nyembamba ya plastiki juu ya kioo cha kikokotoo kibovu. Karatasi hiyo ni kama ua wa fito zilizosimama: kamba ikitikiswa juu na chini, wimbi hupita, ikitikiswa kushoto na kulia, hukwama. Asubuhi, jua likiwa chini mashariki, nilitazama utosini mwa anga kwa karatasi hiyo, nikaizungusha polepole. Anga likafifia, kisha likang'aa tena! (Lakini jua lenyewe usilitazame kamwe.)

Siku hizi wataalamu huupima mtikisiko huo hata katika leza za polaritoni, zitengenezwazo kwa semikondakta, wapate kujua yatendekayo ndani yake. Kumbe nyuki wametutangulia!

Likizo ijayo nitampelekea babu jibu lake, pamoja na karatasi ile. Nanyi wenzangu, mkiulizwa msilolijua, msikae nalo. Kuuliza si ujinga.