Saumu, Amana ya Siri

Ndugu Waislamu, saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa mwaka wa 2 wa Hijra, na Sura ya Al-Baqara, aya ya 183, yatubainishia shabaha yake: kupata ucha Mungu. Njaa, basi, ni njia tu, siyo mwisho wa safari.

Na tumtazame mchimba mawe ya chokaa wa Pongwe, Tanga. Jua la adhuhuri limemkausha koo, maji yamo dumuni, wala hapana jicho la mwanadamu limwonalo. Hayanywi. Sala huonekana msikitini, na zaka huijua aliyepewa. Lakini saumu yake aijua Mola wake peke yake. Hapo ndipo moyo ujifunzapo kwamba Mwenyezi Mungu yu karibu.

Mafunzo hayo hayaishi na mwezi. Aliyejinyima maji yake ya halali, vipi awapunje watu katika mizani, aibe katika mtihani, au amsengenye jirani? Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba wako wafungao wasiambulie ila njaa na kiu. Basi kabla ya kufuturu tujiulize: je, leo ulimi wetu nao umefunga?

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Amin.