Kwa Nini Saa Mbili Hutoa Umbali Tofauti kwa Njia Moja?



Ndugu wasomaji, siku hizi wengi wetu tuna saa au simu zinazohesabu hatua. Tuchukulie mzazi mwenye kisukari, aliyeshauriwa na daktari atembee kila siku. Anatoka Igoma na mwanawe hadi Kishiri, wanarudi pamoja. Saa ya mzazi inasema kilomita 6, ya mwana inasema kilomita 7 na nusu. Hapo huanza ubishi, na pengine mmoja akaitwa mwongo. Tueleze kwa nini hakuna aliyedanganya.

Kwanza, saa nyingi hazipimi umbali wenyewe. Ndani yake mna kifaa kidogo kinachohisi mtikisiko. Kila mtikisiko unaofanana na hatua huhesabiwa, kisha idadi huzidishwa kwa urefu wa hatua, ambao mara nyingi hukadiriwa kutokana na kimo ulichoandika. Hatua 10,000 za sentimita 60 ni kilomita 6. Hatua hizo hizo zikichukuliwa kuwa za sentimita 75, zinakuwa kilomita 7 na nusu.

Pili, mtikisiko wenyewe unaweza kupotosha. Mama aliyeshikilia ndoo kichwani kwa mkono wenye saa huweza kupunguziwa hatua, kwa kuwa mkono hauchezi. Aliyepanda bodaboda kwenye njia ya mashimo huweza kuongezewa hatua asizotembea.

Tatu, ipo njia ya GPS. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,000, ikaweka nukta za mahali ulipopita na kuziunganisha. Mahali pa wazi nukta huweza kukosea mita 5 hivi. Kando ya majengo na majabali yetu ya Mwanza, mawimbi hugonga na kurudi, na kosa huongezeka. Nukta zikiyumba, njia hurefuka; zikiwa chache, kona hukatwa na njia hufupika. Kila kampuni husahihisha kwa hesabu zake, basi majibu hayalingani.

Jambo hili si geni kwa wanazuoni wetu. Masafa ya kupunguza sala safarini yalitajwa kuwa maili 48, na katika vitabu vya fiqhi ya Kishafi maili moja ni hatua 4,000. Lakini hawakuishia hapo: walieleza kuwa hatua moja ni nyayo tatu, ili kipimo kisifuate miguu ya kila mtu. Nao wataalamu wa Khalifa al-Maamun, aliyetawala mwaka 813 hadi 833, walipopima ukubwa wa dunia katika uwanda wa Sinjar, walitumia kamba na vigingi.

Nasi tufanye hivyo. Chukua futi kamba, pima mita 100 za njia tambarare. Tembea kwa mwendo wako wa kawaida ukihesabu hatua. Zikiwa 160, hatua yako ni sentimita 62 na nusu. Iandike kwenye saa, kama inaruhusu.

Kwa mgonjwa, la muhimu ni kutumia kifaa kimoja kila siku na kulinganisha leo na jana, wala si kushindana na saa ya jirani. Na kabla ya kumtuhumu mwenzako, ichunguze saa.