Chaguo Jipya katika Menyu ya Malalamiko: Namna Linavyoongezwa na Lini Linamfaa Mwananchi

Mkazi wa Dongobesh wilayani Mbulu, au wa Katesh wilayani Hanang', anayetaka kutoa taarifa ya kisima kibovu au kalavati lililobomoka hana ulazima wa kufunga safari hadi ofisi za wilaya. Kupitia mfumo wa e-Mrejesho, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, mwananchi anaweza kuwasilisha malalamiko, maulizo, mapendekezo au pongezi kwa taasisi ya umma na kufuatilia yalipofikia. Njia zinazotumika ni tovuti, programu ya simu janja, na menyu ya simu ya kawaida inayopatikana kwa kupiga *152*00#, ambayo haihitaji intaneti.

Wananchi wengi huuliza kwa nini menyu hizo zina machaguo fulani na si mengine, na kwa nini chaguo linaloonekana kuwa dogo haliongezwi mara moja. Jibu linapatikana kwa kuelewa namna mifumo ya kufuatilia malalamiko inavyofanya kazi.

Menyu mbili katika mfumo mmoja

Mfumo wa aina hii huwa na menyu za pande mbili. Ya kwanza ni ile anayoiona mwananchi: aina ya mrejesho, taasisi inayohusika, na maelezo ya tatizo. Ya pili huonwa na afisa anayelipokea lalamiko. Humo mna vitendo anavyoweza kuvifanya juu ya lalamiko hilo, kama vile kulipokea, kumkabidhi mtaalamu, kuomba maelezo zaidi, kujibu, na kufunga shauri.

Kitendo kisichokuwamo katika menyu ya afisa hakiwezi kufanyika ndani ya mfumo. Afisa hulazimika kukifanya kwa barua au kwa simu, na mwananchi anayefuatilia shauri lake haoni kilichotendeka. Ndiyo sababu taasisi, kadiri zinavyopata uzoefu, huomba menyu ziongezewe vitendo vinavyolingana na kazi zao.

Mipaka ya mamlaka

Mfano ulio wazi ni kitendo cha kuhamisha lalamiko. Wilaya ya Mbulu ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, na si kila mwananchi anajua shida yake iko upande gani. Barabara nazo zina wenyewe: barabara kuu, kama ile ya Babati hadi Singida inayopita Katesh, zipo chini ya TANROADS pamoja na barabara za mkoa, ilhali barabara za wilaya zipo chini ya TARURA. Maji ya vijijini yanasimamiwa na RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019, wakati miji huhudumiwa na mamlaka za maji.

Lalamiko la kalavati likifika mahali pasipo pake, afisa asiye na kitendo cha kulihamisha hubaki na njia mbili: kuliacha likae, au kulifunga kwa maelezo kwamba halimhusu. Kwa mwananchi, njia zote mbili zina matokeo yaleyale: kalavati halijatengenezwa na mvua zinakaribia. Kitendo cha kuhamisha kinapokuwapo, lalamiko huenda kwa mwenye mamlaka likiwa na namba ileile na historia yake yote.

Maswali matano kabla ya kuongeza kitendo

Kuandika neno jipya katika menyu ni kazi ya muda mfupi kwa mtaalamu wa programu. Kinachochukua muda ni kujibu maswali matano.

La kwanza, nani atakiona kitendo hicho? Kuhamisha lalamiko kunamaanisha pia kuhamisha jina na namba ya simu ya mlalamikaji, taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo kitendo hupewa maafisa wenye dhamana tu.

La pili, kitaonekana katika hatua gani? Shauri ambalo halijapokelewa halipaswi kuwa na kitufe cha kulifunga.

La tatu, kikibonyezwa nini kinafuata? Hali ya shauri hubadilika, na shauri humwendea mtu anayejulikana, likiwa na muda uliopangwa wa kushughulikiwa.

La nne, mwananchi ataarifiwaje? Ujumbe mfupi unaoeleza kuwa lalamiko limehamishwa, na limepelekwa wapi, humwondolea mashaka.

La tano, kumbukumbu itabakije? Mfumo huandika nani alifanya nini na saa ngapi, ili msimamizi aweze kulipitia shauri baadaye.

Majibu yakipatikana, kitendo hujaribiwa kwanza katika mfumo wa majaribio kwa malalamiko ya kubuni, ndipo hufunguliwa kwa matumizi ya kawaida.

Upande wa simu ya kawaida una masharti ya ziada. Ukurasa mmoja wa menyu ya *152*00# hauwezi kubeba zaidi ya herufi 182, nafasi zikiwamo, na mtumiaji akikawia kuchagua mawasiliano hukatika. Kila chaguo linaloongezwa hupunguza nafasi ya mengine au huongeza ukurasa wa kupitia. Maneno mafupi yanayoeleweka, kama "maji" na "barabara", humfaa zaidi mzee ambaye lugha yake ya kila siku ni Kiiraqw au Kibarbaig kuliko neno "miundombinu".

Dharura ni suala jingine

Swali zito zaidi ni la dharura. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang' yaliangukia mji wa Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Ni rahisi kudhani kwamba neno "Dharura" likiwekwa katika menyu ya malalamiko, msaada utafika mapema.

Hata hivyo, mfumo wa malalamiko umejengwa kwa ajili ya mashauri yanayosubiri kusomwa na kupangiwa mtaalamu. Chaguo la dharura lisilo na afisa wa zamu usiku na siku za mapumziko laweza kumfanya mtu aliye hatarini asubiri jibu badala ya kuondoka au kupiga simu ya uokoaji. Kwa hatari ya papo hapo, namba za kupiga ni 112 ya Polisi na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, pamoja na kuutaarifu uongozi wa kijiji au mtaa. Ufa unaoonekana katika mteremko wakati wa kiangazi, au mfereji ulioziba, ndiyo mambo yanayofaa kupelekwa katika mfumo mapema, kabla ya masika.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi anayetuma mrejesho anashauriwa kutaja kijiji, kata na halmashauri, kueleza tatizo moja katika kila mrejesho, na kutunza namba ya ufuatiliaji. Asipopata katika menyu chaguo linalolingana na shida yake, anaweza kulieleza hilo kama pendekezo. Mapendekezo ya namna hiyo huzisaidia taasisi kubaini ni chaguo gani linahitajika, na ni nani atakayewajibika nalo likishaongezwa.