Fahamu: Makande yanavyogeuka nguvu mwilini

Sahani ya makande kando ya Ziwa Jipe ina wanga kwa wingi. Wanga huo humeng'enywa kuwa glukosi, na insulini huisaidia kuingia kwenye misuli. Ziada huwekwa akiba kwenye ini na misuli. Akiba ya ini huisha kwa takriban siku moja ya kufunga.

Mafuta ya kukaangia perege huchelewa zaidi: lazima kwanza nyongo iyavunje kuwa matone madogo. Lakini gramu 1 yake ina kalori 9, ya wanga 4. Kwa hiyo anayelaumu ugali peke yake kwa kitambi aangalie na kikaango.

Ukipanda milima ya Upare taratibu, misuli huchoma zaidi mafuta. Ukikimbia, hugeukia glukosi, inayotoa nguvu upesi.