Mzizi Hauna Kosa, Kosa ni Kutopima

Ndugu msikilizaji, siku hizi ukipita stendi ya basi au sokoni hukosi kumkuta mtu ametandika turubai, juu yake kapanga chupa za unga na vifurushi vya magome. Kipaza sauti mkononi, anatangaza kwamba dawa yake inatibu presha. Kisha anaongeza maneno yanayowavuta wengi: "Hii ni ya asili, haina madhara. Tupa vidonge vyako!"

Katika maneno hayo limo la kweli na limo la hatari. Leo tuyachambue.

La kweli ni kwamba iko mimea yenye nguvu ya kushusha shinikizo la damu. Hilo si porojo. Huko India uko mmea mdogo uitwao sarpagandha, ambao wataalamu huuita Rauwolfia serpentina. Kwa karne nyingi waganga wa huko waliutumia mzizi wake kutibu wazimu, kukosa usingizi na hata kuumwa na nyoka. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza la magonjwa ya moyo matokeo ya wagonjwa 50 wa presha aliowapa mzizi huo. Presha ya wengi wao ilishuka. Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, Uswisi, wakafanikiwa kuitenga kemikali yenyewe iliyomo ndani ya mzizi. Wakaiita reserpini. Kazi yake ni kumaliza akiba ya kemikali ambayo neva huitumia kubana mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, presha hushuka. Reserpini imo pia katika Rauvolfia vomitoria, ndugu wa mmea huo, ambao huota katika misitu ya Kongo na Uganda.

Kwa hiyo anayewacheka waganga wa mitishamba kwamba hawajui kitu, hajui historia.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Reserpini ilipoanza kumezwa kwa wingi, baadhi ya wagonjwa waliziba pua, mapigo ya moyo yakapungua mno, na wengine wakapatwa na huzuni nzito, hata wakafikiria kujiua. Madaktari wakalazimika kupunguza kipimo hadi robo ya miligramu kwa siku, au chini ya hapo. Robo ya miligramu, ndugu msikilizaji, ni kitu kidogo mno, hata huwezi kukiona vizuri kwenye kiganja chako. Sasa jiulize: mzizi uliochimbwa masika na uliochimbwa kiangazi, wa mti mchanga na wa mti mzee, yote ina dawa kiasi kilekile? Haina. Na yule anayekupimia unga kwa kifuniko cha soda, atajuaje amekupa kiasi gani?

Tuje kwenye vitu vya jikoni. Choya, ile rozela nyekundu tunayoitengenezea juisi, imejaribiwa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo tu waligawanywa makundi mawili. Waliokunywa chai ya choya vikombe vitatu kwa siku, kwa wiki sita, namba yao ya juu ilishuka kwa kiasi cha 7. Waliopewa kinywaji cha kufananisha walishuka kwa kiasi cha 1 tu. Ni jambo jema. Lakini piga hesabu: mwenye 180 akipunguza 7, anabaki na 173. Bado yumo hatarini. Kitunguu saumu nacho husaidia kidogo, ila hufanya damu ichelewe kuganda. Anayekila kwa wingi sharti amwambie daktari kabla ya kupasuliwa au kung'olewa jino.

Na si kila kitu cha asili hushusha. Uko mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irk-sus. Huko Misri hutengenezewa kinywaji kinachopendwa sana mwezi wa Ramadhani. Ukizidishwa, mzizi huo hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini, hata moyo ukapiga ovyo. Nao ni wa asili!

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, imo katika yale maneno matatu: "Tupa vidonge vyako." Presha ina ujanja wake: haiumi. Mtu ana 190 na anacheka na wenzake kijiweni. Akiacha vidonge hasikii tofauti, naye huamini kwamba amepona. Mishipa yake inaendelea kuumia kimyakimya, mpaka siku anaamka upande mmoja wa mwili umekufa ganzi na mdomo umekwenda kombo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wanne katika kila watano wenye ugonjwa huu hawatibiwi ipasavyo.

Basi tufanye nini? Kwanza, tupime. Namba ikifika 140 kwa 90 au zaidi, siku mbalimbali, tumwone daktari. Pili, tupunguze chumvi. Kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na chipsi. Tatu, anayetumia mitishamba asimfiche daktari, na daktari naye asimgombeze, maana akigombezwa leo, kesho ataficha. Pale Muhimbili wataalamu wamekuwa wakichunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, kwa hiyo si jambo la kuonea haya.

Kunywa choya yako, ndugu msikilizaji, tena bila sukari nyingi. Lakini vidonge usivitupe. Atakayekushauri kuvitupa, mwulize swali moja tu: mashine yake ya kupimia presha iko wapi?