Samaki wa mapambo (3): Kangaja si mfagizi wa tangi

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza namna ya kutayarisha maji ya chumvi na kuliacha tangi jipya likomae. Leo tumwingize samaki ambaye wengi humnunua kwa sababu isiyo sahihi. Vioo na mawe vikianza kuota utando wa kijani, mwenye tangi hushauriwa achukue kangaja amlie mwani wote. Mmoja wa wanaopendwa sana ni kangaja wa bluu, Acanthurus leucosternon, mwenye uso mweusi, koo jeupe na pezi la manjano mgongoni. Ni samaki wa Bahari ya Hindi, na hapa kwetu pwani anaonekana kwenye miamba ya matumbawe yenye maji maangavu.

Huko mwambani, kangaja huchunga kama mbuzi. Tangu kupambazuka hadi magharibi anadonoa mwani mfupi ulioshika mawe. Mwani huo una lishe haba, hivyo inambidi ale kidogo kidogo kutwa nzima. Tangi la nyumbani, hata likiwa chafu namna gani, malisho yake humalizika upesi. Baada ya hapo anategemea mkono wako tu, na ukimtupia vipande vya kamba mara moja kwa siku atakonda huku ukidhani anashiba. Mtazame kwa mbele. Tumbo likiwa limebonyea na mgongo umeanza kuchongoka, ana njaa ya muda mrefu.

Mpe mwani mkavu wa karatasi, ule ambao Wajapani huviringishia wali, usiotiwa chumvi, mafuta wala viungo. Bana kipande kiooni asubuhi, na kingine alasiri. Siku za mwanzo huenda akakizunguka tu bila kukigusa. Hapo kifunge juu ya jiwe kwa mpira, maana amezoea kula kilichoshika jiwe. Akishadonoa mara mbili tatu atakizoea. Mabaki yatoe jioni, kwani yakioza yanaleta amonia, na amonia kidogo tu inaunguza matamvua.

Tangi lisipungue lita 450, na urefu wake ni muhimu kuliko kina, kwa kuwa huyu haachi kuogelea. Weka mmoja tu. Wawili watagombana, na mara nyingi mmoja hufa. Kila upande wa shina la mkia wana mwiba mkali unaokunjuka, unaoweza kukuchana kidole na unaonasa kwenye nyuzi za wavu. Ukitaka kumhamisha, mwelekeze ndani ya chombo cha plastiki badala ya kumvua kwa wavu.

Sasa maradhi. Kangaja wa bluu ni mwepesi mno kupata madoa meupe yanayoletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kimelea hukaa kwenye ngozi siku chache, kisha hudondoka, hujifunika chini ya tangi na kugawanyika, ndipo vizazi vyake vinatoka kumtafuta samaki. Kwa hiyo madoa yakitoweka ghafla usishangilie. Baada ya muda yanaweza kurudi maradufu. Dawa ya shaba humaliza kimelea hiki, lakini inaua pia konokono, kamba na matumbawe, kwa hiyo haitiwi kwenye tangi kubwa. Mgeni akae kwanza mwezi mzima au zaidi kwenye tangi la pembeni lisilo na mchanga wala mawe, atazamwe na kutibiwa humo. Asiye na tangi la pili, kwa maoni yangu, asinunue kangaja. Wengi wanaouzwa wamevuliwa mwambani, na hatuna haki ya kumtoa samaki baharini aje kufia sebuleni kwa haraka zetu.

Mwenye tangi la lita 150 hivi ana mla mwani mwingine wa kumfikiria, Salarias fasciatus, asiyezidi sentimita 15, anayeshinda juu ya jiwe akikwangua. Huyo naye hufa njaa kwenye tangi jipya lisilo na mwani. Wiki ijayo tutaeleza jinsi ya kumwandalia mawe kabla hajafika.