Nyumba ya ubia Uingereza: robo, nusu au uendelee kupanga?

Mlezi wa wazee au mfanyakazi wa ghala nchini Uingereza hapati kirahisi mkopo wa kununua nyumba nzima. Kwa England, baadhi ya wafanyakazi kama hao hugeukia mpango wa Shared Ownership: unanunua sehemu ya nyumba, na sehemu iliyobaki unailipia kodi ya pango, mara nyingi kwa chama cha nyumba. Mapato ya kaya yasizidi pauni 80,000 kwa mwaka, au 90,000 kwa London. Kwa mkataba mpya ulioanza 2021, unaweza kuanza na asilimia 10 hadi 75.

Tupige hesabu ya mfano. Flati ni ya pauni 240,000. Malipo ya awali ni asilimia 10 ya sehemu unayonunua, mkopo ni wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 5.5, kodi ni asilimia 2.75 kwa mwaka ya thamani ya sehemu usiyoimiliki, na gharama za huduma ni pauni 120 kwa mwezi.

- Robo: unatanguliza 6,000. Kila mwezi mkopo 307, kodi 413, huduma 120. Jumla 840.
- Nusu: unatanguliza 12,000. Mkopo 613, kodi 275, huduma 120. Jumla 1,008.
- Nzima: unatanguliza 24,000. Mkopo 1,226, huduma 120. Jumla 1,346.

Robo inavutia, lakini angalia kinachopanda. Mkopo una mwisho. Kodi haina, na katika mikataba ya karibuni huongezwa kila mwaka kwa kiwango cha mfumuko wa bei pamoja na asilimia 1. Mfumuko ukiwa asilimia 3, baada ya miaka 10 kodi ya mwenye robo itafika kama pauni 611, na ya mwenye nusu 407. Riba isipobadilika, tofauti ya malipo yao itashuka kutoka pauni 168 hadi 102 kwa mwezi, huku mwenye nusu akiwa amelipa deni lake mara mbili ya mwenzake.

Gharama za huduma, yaani lifti, usafi wa ngazi na bima ya jengo, hazigawanywi: mwenye robo hulipa zote. Matengenezo nayo hutegemea mkataba. Ukinunua nyumba mpya kwa mkataba wa sasa, kwa miaka 10 ya mwanzo mwenye nyumba, yaani mara nyingi kile chama cha nyumba, ndiye anayebeba matengenezo ya nje na ya muundo wa jengo. Kwa mikataba ya zamani mzigo huo ni wako, hata kama unamiliki robo tu.

Mkataba mpya unakuruhusu kuongeza asilimia 1 kila mwaka kwa miaka 15 bila kumlipa mthamini. Ukitaka kuongeza asilimia 5 au zaidi kwa mkupuo, utamlipa mthamini na mwanasheria, na utanunua kwa bei ya siku hiyo.

Kupanga kwa mtu binafsi kuna nafuu yake: amana kwa kawaida haizidi kodi ya wiki 5, na kuhama ni rahisi. Mwenye ubia kwa kawaida haruhusiwi kupangisha flati nzima, na akitaka kuuza humpa kwanza mwenye nyumba nafasi ya kutafuta mnunuzi: wiki 4 kwa mkataba mpya, 8 kwa wa zamani. Kazi zikipungua, msaada wa serikali wa Universal Credit unaweza kuchangia kodi na huduma kwa anayestahili, lakini haulipi rejesho la mkopo.

Kwa hiyo, kama utahama ndani ya miaka miwili au mitatu, panga. Kama unakaa, nunua sehemu kubwa kadiri mshahara wako unavyoruhusu bila kukopa kwa ajili ya chakula. Na kabla ya kutia saini, dai hesabu za gharama za huduma za miaka 3 iliyopita na kanuni ya kupandisha kodi kwa maandishi. Ukinyimwa, tafuta flati nyingine.